Tumalizie mapagale, wapangaji wapo

Mhariri,

Mimi ni fundi ujenzi, nakaa Mbagala, kazi zangu nyingi ziko Chamazi na Kivule. Kila unapotajwa uhaba wa nyumba za kupanga Dar es Salaam, viongozi wanazungumzia maghorofa. Magomeni Kota zimejengwa nyumba 644, kazi nzuri na nimeikagua kwa jicho la ufundi, lakini zilikuwa za kaya 644 zilizokuwa zimehamishwa kutoka palepale. Anayetafuta chumba kimoja cha kupanga bado anatafuta.

Huku kwetu kuna mapagale. Boma limesimama mpaka lenta, vyumba vitatu au vinne, ndani umeota mpapai. Mwenyewe alipandisha ukuta kidogokidogo, maana tofali unaweza kununua hamsini mwezi huu na hamsini mwezi ujao. Kupaua ndiko kunakomshinda. Mbao, bati na fundi vinataka fedha kwa mkupuo, halafu choo nacho kinangoja. Nimeacha maboma ya namna hiyo mengi, mengine watoto wameyageuza uwanja wa mpira.

Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kukopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya vijana mafundi vikopeshwe vimalizie maboma haya, virejeshe mkopo kutokana na kodi ya pango. Mwenye nyumba naye asaini mkataba mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba kwa miaka mitano atapokea kodi mwezi kwa mwezi.

Hilo la mwezi kwa mwezi nalisisitiza. Kibarua anayenikorogea zege analipwa kwa siku. Kodi ya mwezi anaiweza. Anachoshindwa ni kutoa miezi sita kwa pamoja, na juu yake dalali anataka kodi ya mwezi mzima. Kwa hiyo analala sebuleni kwa shemeji yake. Sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi ilifutwa 2005, na sitaki irudi ilivyokuwa, wenye nyumba watafunga milango. Mkataba wa hiari kwa aliyemaliziwa nyumba yake ni jambo jingine.

Waanze na kata moja. Orodha ya mapagale haihitaji mtaalamu wa kulipwa posho. Mjumbe wa shina anayajua yote, na namba za simu za wenyewe anazo.

Fundi ujenzi,
Mbagala, Dar es Salaam