Kinyungu cha Pili: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. "Kazi iendelee" nimeiitikia mwenyewe hapa mezani, maana barua haina mdomo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Nilizaliwa Njombe, nikafundisha Mbozi miaka mingi, na sasa nalima viazi mviringo hapa Uyole. Sitakuzungusha: naandika kuomba fedha. Naomba serikali itenge fungu dogo, lakini la kila mwaka, kwa ajili ya kazi ya kuwapeleka binadamu kuishi kwenye sayari ya Mirihi. Najua hapo umetabasamu. Ofisi moja niliyoipelekea wazo hili walicheka kabisa, kisha wakaniuliza kwa upole kama nimeshakunywa chai. Nilikuwa nimekunywa.

Nianze na kitu kinachoshikika. Kwenye mteremko wa Mlima Marengi, kule Mbozi, kimelala Kimondo: bonge la chuma lenye urefu wa mita tatu na ushei na uzito usiopungua tani 12, na wapo wanaokadiria 16. Sehemu kubwa ni chuma na kiasi kidogo ni nikeli. Kila mwaka niliwapeleka wanafunzi, nikawaambia waweke viganja juu yake, kwa sababu ni wachache duniani waliowahi kugusa kitu kilichotoka nje ya dunia bila kioo katikati. Siku moja msichana wa kidato cha pili aliniuliza: "Mwalimu, likija jingine kubwa kuliko hili, tutakimbilia wapi?" Nikamweleza habari za jiwe lenye upana wa kilomita kama kumi lililopiga Meksiko miaka milioni 66 iliyopita na kuwamaliza dinosaria. Alinisikiliza kwa adabu. Lakini yeye hakuuliza habari za dinosaria, na mimi sikuwa nimemjibu.

Jibu nililipata baadaye, na lilikuwa nyumbani siku zote. Sisi wa Njombe na Iringa tuna vinyungu. Baba alikuwa na shamba la mahindi mlimani, na bondeni alikuwa na kinyungu, tuta la udongo wenye majimaji ambalo hulimwa kiangazi. Mwaka wa mvua nzuri, kinyungu kilionekana kama usumbufu tu: kifereji cha kuzibua, magugu, mbu. Mwaka mvua ilipogoma, tulikula kinyungu. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kumuuliza baba kwa nini anapoteza nguvu bondeni ilhali shamba la mlimani linahitaji palizi. Mlimani palipaliliwa, na bondeni pia palilimwa.

Binadamu wote leo tuna shamba moja.

Watu husema zipelekwe mashine tu Mirihi, zinatosha. Nazipenda mashine na nimezifundisha, ila tuwe wakweli kuhusu mwendo wake. Roboti iitwayo Opportunity ilitua Mirihi Januari 2004, ikafanya kazi hadi 2018, na katika miaka yote hiyo 14 ilitembea kilomita 45. Hiyo haifiki hata safari ya Mbeya hadi Tukuyu, ambayo Coaster huimaliza kabla abiria hajamaliza karanga zake. Haikuwa uzembe. Amri ya redio huchukua kati ya dakika tatu na zaidi ya 20 kufika kule, hivyo dereva aliyeko duniani hawezi kukwepa jiwe analoliona. Sasa linganisha na Desemba 1972, wakati Harrison Schmitt, mwanajiolojia, alipokuwa mwezini kwa siku tatu. Alitupa jicho chini akaona udongo wa rangi ya chungwa, akasimama hapo hapo kuuchimba. Mtu aliyesomea miamba, akiwa na sepeto mkononi, ana thamani yake.

Mirihi si pazuri, nisikudanganye. Baridi yake kwa wastani ni kama nyuzi 60 chini ya sifuri. Barafu inayounguza majani ya Kitulo mwezi wa saba ni joto ukiilinganisha nayo. Hewa yake haifiki asilimia moja ya uzito wa hewa yetu, na karibu yote ni kaboni dioksaidi. Uzuri wake ni kwamba siku yake ina saa 24 na dakika 39, mkulima hatachanganyikiwa, na chini ya udongo kuna barafu ya maji. Tena oksijeni imeshatengenezwa kule kule. Kifaa kidogo kiitwacho MOXIE, kilichotua huko 2021, kiliivuta kutoka kwenye hewa ya Mirihi hadi kikafikisha jumla ya gramu 122. Ni kidogo, mbwa mdogo angeimaliza kwa saa kumi. Ila mkondo wa kwanza wa maji kwenye mfereji mpya nao huwa ni wa kulowesha vidole tu.

Sasa nifike kwenye hoja inayonihusu mimi na wewe, Mheshimiwa. Maroketi yana wenyewe. Hatuwezi kushindana nao, wala sikuombi tujaribu. Lakini safari ya Mirihi, kwenda, kusubiri sayari zikae sawa na kurudi, ni karibu miaka mitatu, na nafasi ya kuondoka hupatikana kila baada ya miezi 26 hivi. Ukichelewa basi, ndiyo imetoka hiyo. Anayekwenda kukaa hawezi kubebewa unga kutoka duniani maisha yake yote. Lazima alime, na habari za kulima ziko huku kwetu.

Kiazi kimeshakuzwa angani, ndani ya chombo Columbia, Oktoba 1995. Mwaka 2017 Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima, kikishirikiana na NASA, shirika la anga la Marekani, kilionyesha kiazi kikichipua ndani ya sanduku lililofungwa, kwenye udongo mkavu wenye chumvi uliotoka jangwani Peru. Peru ni nyumbani kwa kiazi, sawa. Lakini muulize mtu wa Umalila, wa Isyonje au wa Makete kuhusu baka jani, kuhusu mnyauko, kuhusu mbegu inayochoka baada ya misimu michache, uone atakavyokukalisha hadi jioni. Watafiti wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, hapa Uyole wameshughulika na mambo hayo miaka mingi. Ndani ya chumba kilichofungwa, ambamo mmea ndio chakula na ndio pumzi, ugonjwa mmoja wa majani unaua watu. Ujuzi wa kuuona ukungu siku mbili kabla haujaenea hauna bei.

Na chumba kilichofungwa kina vituko vyake. Kuanzia Septemba 1991 watu wanane walijifungia miaka miwili ndani ya nyumba kubwa ya vioo huko Arizona, iliyoitwa Biosphere 2, wakilima chakula chao. Oksijeni ikaanza kushuka polepole, kutoka asilimia karibu 21 hadi 14 na nusu, wakawa wanapanda ngazi wakihema kama wazee, mpaka ikabidi waongezewe kutoka nje. Mwizi alikuwa nani? Udongo. Walikuwa wameujaza mboji nzuri mno, na vijidudu vyake vilikuwa vinapumua kuliko mimea ilivyoweza kufidia, huku saruji mbichi ya kuta ikinyonya kaboni dioksaidi ambayo mimea ingeirudisha kuwa oksijeni. Bibi yangu hakusoma kemia, lakini alijua samadi mbichi "ina moto" na hakuwa akiilaza chumba kimoja na watu.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona mtu wa kwetu akiliunganisha. Mwaka 2008 chombo kiitwacho Phoenix kiligundua kwamba udongo wa Mirihi una chumvi zinazoitwa perikloreti. Ukizila, huizuia tezi ya shingoni isipokee madini joto. Wa umri wangu kutoka Mbeya, Iringa na Rukwa wanajua hiyo maana yake nini: rovu. Tuliwaona mama zetu na shingo zao. Tunazikumbuka kampeni za vidonge vya mafuta ya madini joto miaka ya 1980, kisha chumvi ya madini joto iliyokuja baada yake. Nchi hii imepambana na upungufu wa madini joto kwenye milima yake kwa miongo kadhaa, kijiji kwa kijiji, kwa bajeti ya kubahatisha. Wataalamu wa lishe waliofanya kazi ile wana la kumwambia mtu atakayekula viazi vya Mirihi, kama kuna atakayewauliza. Wakati wa kuwauliza ni sasa, wakiwa bado hai.

Najua hoja itakayoletwa mezani kwako: watoto wanakaa chini. Ni kweli. Nimefundisha kwenye maabara yenye sinki lisilo na bomba, iliyojengwa kwa michango ya wazazi waliouza kahawa. Siombi dawati hata moja liondolewe. Marekani yenyewe hutumia chini ya nusu senti katika kila dola ya bajeti yake kwa NASA, na bado ina watoto wasio na chakula cha mchana. Senti ile haikuwa ndiyo inayowanyima. Ninachokiomba mimi hakizidi bei ya mashangingi machache, na nadhani mashangingi yenyewe yanaweza kuelewa.

Kitalu nyumba kimoja, kilichozibwa kabisa, kijengwe Uyole kwa ushirikiano wa TARI na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST). Vijana wa MUST watengeneze vipimo vya hewa na mitambo ya kusafisha maji. Kituo cha anga cha kimataifa kilishafikia mwaka 2023 kurejesha asilimia 98 ya maji yake, pamoja na mkojo, na mbinu hiyo itafaa pia kwa shule isiyo na bomba. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, isimamie. Matokeo yetu yapelekwe kwenye Shirika la Anga la Afrika, lililozinduliwa Cairo Aprili 2025, ili tukae pale tukiwa na kitu mkononi. Wakenya walirusha satelaiti yao, Taifa-1, Aprili 2023. Sina wivu. Nina wivu kidogo.

Halafu tafuta mwanasheria kijana, mmoja tu, asomee sheria ya anga hadi aielewe. Mkataba wa Anga wa 1967 unasema hakuna taifa linaloweza kumiliki mwezi wala sayari. Mwaka 2015 Marekani ikatunga sheria inayowaruhusu raia wake kumiliki madini watakayoyachimba huko, na Luxembourg ikafuata 2017. Mwanya umeshafunguliwa. Sisi huku tunaijua mistari inayochorwa na watu wasiofika mahali. Julai 1890 Mwingereza na Mjerumani walikubaliana Berlin kwamba mpaka utafuata Mto Songwe. Mto haukusoma mkataba. Ukifurika unahama, na familia zimewahi kulala nchi moja zikaamka shamba lao liko ng'ambo. Hadi leo Tanzania na Malawi zinahangaika kuufunga mto ule mahali pamoja. Kama mistari ya Mirihi itachorwa katika maisha ya wajukuu wetu, napenda awepo chumbani mtu anayejua mito hufanya nini.

Utaniambia nchi maskini haifanyi mambo makubwa kiasi hicho. Nitakujibu kwa honi ya treni ninayoisikia usiku kutoka Iyunga. Benki ya Dunia ilisema mwaka 1964 kwamba reli ya kwenda Zambia haina faida. Mwalimu na Kaunda wakaenda kwa Wachina. Mkataba ukasainiwa 1967, ujenzi ukaanza 1970, na Julai 1976 kilomita 1,860 zikakabidhiwa, pamoja na madaraja na mahandaki ya kati ya Mlimba na Makambako ambayo ukiyaona mara ya kwanza unanyamaza. Ni kweli pia kwamba reli ile imechoka, na hilo nalo litufundishe: fungu ninaloliomba nimesema ni la kila mwaka, si la uzinduzi na utepe.

Na kama ni kuchekwa, jirani zetu walishatutangulia. Mwaka 1964, mwalimu mmoja wa Zambia, Edward Makuka Nkoloso, alitangaza kwamba atampeleka msichana na paka wawili Mirihi. Aliwafanyisha vijana wake mazoezi kwa kuwabiringisha mlimani ndani ya pipa la mafuta, akaomba UNESCO pauni milioni saba. Dunia ilicheka. Wapo wanaosema alikuwa anawatania wakubwa wa dunia. Mimi namhesabu kama mwalimu mwenzangu aliyeona kwamba watoto wake wanaweza kuwamo kwenye hesabu, na akakosea kipimo cha pipa tu.

Ninakuomba uje Mbozi, Mheshimiwa. Njoo kiangazi, bila msafara mrefu, uweke kiganja kwenye kile chuma. Yule msichana aliyeniuliza tutakimbilia wapi alifaulu fizikia vizuri sana, akakosa ada ya chuo. Sasa anaendesha bajaji pale Mlowo, na kila nikipanda ananiuliza kama nimeshapata jibu. Ukishuka Mlowo atatupeleka yeye. Nauli nitalipa mimi.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Uyole, Mbeya