Mwacheni Yixing apige chake

Wajukuu zangu mnaolala na erfoni masikioni, hamjambo. Nimesikia mnavyogombana kuhusu yule kijana wa Kichina, Zhang Yixing, nyie mnamwita Lay, eti siku hizi anajazajaza vinanda vya wazee, heri angebaki na mambo ya EXO, lile kundi lake la muziki la Korea.

Ngojeni kwanza. Mwenzenu mmoja kanisikilizisha Lit, wimbo wake wa 2020, nikamwambia we rudisha nyuma hapo. Kumbe ni guzheng, kinanda cha nyuzi cha Kichina! Jamani ile ni ndugu kabisa na kanuni ya taarabu (kanuni kinanda, sio kanuni za shule), mpigaji anafunga kucha za bandia vidoleni kama mimi navyovaa risha kwenye vidole vya shahada, zake nyuzi 21 zangu sabini na kitu. Humo ndani ya wimbo mna ngoma za kwao na hulusi pia, filimbi ya kibuyu, halafu midundo yenu ile ya kutikisa vioo juu yake. Na jina la Kichina la wimbo ni Lian, yungiyungi, ua linaloota topeni.

Sasa huyu Yixing katolewa Changsha, kwao China, 2008 na kampuni ya muziki ya Seoul, SM, kafunzwa mpaka 2012 EXO ikatoka. Wenzake watatu wa upande wa China, Kris, Luhan na Tao, 2014 na 2015 wakaenda mahakamani kuvunja mikataba, wala siwalaumu, mkataba ukibana unabana. Yeye kabaki. 2015 kapata studio yake China, mwaka uliofuata katoa albamu yake Lose Control kaitengeneza mwenyewe, 2018 Namanana ikashika namba 21 kwenye chati ya albamu ya Billboard Marekani, 2020 kafungua kampuni yake mwenyewe, Chromosome, ndo 2022 akaaga SM. Yani anaaga kazi keshaijua.

Mimi nilitoka kwenye kikundi changu cha taarabu najua kupiga tu. Bei ya ukumbi sijui, kupanga sauti sijui, harusi ya kwanza watu wakadai nyimbo za kulekule nilikotoka, nikapiga, na miaka ikaishia hapohapo. Hicho ndo mnachomtakia mwenzenu?

Na hizo pesa mnazomwaga kununua albamu yake moja mara kumi, acheni. 2021 huko China kwenye shindano la waimbaji wa runinga, Youth With You, Yixing hakuwemo, kura ilikuwa kwenye kifuniko cha chupa ya maziwa, basi mashabiki wananunua makatoni, wanalipa watu wafungue wamwage mtaroni, maziwa mazima! Serikali ikalizuia kabla ya fainali. Nunua moja, isikilize mpaka mwisho, hata zile nyimbo usizozipenda.

Jioni nipo barazani. Nileteeni ile Lit, kwa spika, erfoni zenu sizitaki, nimeshakaza nyuzi na kile kipande cha guzheng mkono wa kulia nimeukamata, wa kushoto bado unanipiga chenga.