Shingo yangu si chafu

Anti, shikamoo. Sijapata usingizi, nisamehe nikirukaruka.

Naoga kama watu wengine. Lakini wifi alinikabidhi dodoki mbele ya wageni, na mume wangu yupo, anatafuna nyama, hakusema neno. Ule weusi wa nyuma ya shingo na kwapani ni kazi ya insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Mwili ukiwa mzito kuitikia, kongosho linazidi kuimwaga, na ikijaa kwenye damu inachochea seli za ngozi ziongezeke. Hautoki kwa kusugua, ngozi inachubuka bure.

Insulini hiyohiyo ndiyo inayovuruga hedhi. Inasukuma ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi, huku ini likipunguza protini ya kuzifunga, basi nyingi zinabaki huru. Yai halikomai, mzunguko unavuka siku 35, ndevu zinachungulia kidevuni. Sukari ya asubuhi inaweza kusoma milimoli 5.2 kwa lita ukaambiwa mzima kabisa. Wengine tatizo hugundulika wakishakunywa glukosi gramu 75 na kupimwa baada ya saa mbili, ikafika 7.8 au zaidi.

Nimeanzishiwa metformini, dawa ya kusaidia mwili kuitikia insulini, miligramu 500 pamoja na chakula cha jioni, inapandishwa polepole, maana ukiikimbiza tumbo linaharisha. Ukweni wanasema nadharau machalari, ndizi zao za nyama. Sidharau! Napakua ndizi chache, mboga nyingi, mbege, pombe ya ndizi, siinywi, kisha natembea kidogo, kwa sababu msuli ukifanya kazi unavuta sukari hata insulini ikigoma. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito mara nyingi kunatosha hedhi kurudi. Kwao hayo ni maringo.

Dodoki, Anti! Mbele za watu!

Desemba watu wote wanapanda Kibosho, kule Kilimanjaro. Mimi siendi. Ingawa kitenge cha sare kiko kwa fundi tayari, na nisipoonekana watasema nimekimbia. Nimpe mama mkwe cheti cha daktari asome? Hapana, habari za ovari zangu zitafika jumuiya kabla ya Jumapili.

Halafu mume wangu hajapima mbegu. Ni kukaa bila tendo siku 2 hadi 7 tu, basi, anatoa sampuli. Daktari anataka majibu hayo kabla ya kuniandikia letrozoli ya kukomaza yai. Nikigusia hilo ananuna, eti mwenye tatizo anajulikana. Nimwambie sasa, au nisubiri tushuke mjini baada ya sikukuu?