Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu: waandishi, wachoraji, wapiga picha, na nyinyi wasomaji mnaolipa ada kila mwaka bila kutuletea hata ubeti mmoja, hamjambo.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na nakala mnazo mikononi. Mimi nitazungumzia zaidi kazi ambayo haionekani jarida letu la fasihi na sanaa likishatoka, yaani kusoma miswada na kuijibu. Hapo ndipo nguvu nyingi za mwaka huu zilipokwenda, na naomba mkutano huu uilinde kazi hiyo.

Kanuni yetu ni kwamba kila mswada husomwa na watu wawili wasiojua jina la mwandishi. Wakitofautiana, unapelekwa kwa wa tatu. Anayekubaliwa hupata mhariri wake wa kufanya naye kazi hadi mwisho. Anayekataliwa huandikiwa sababu, na sababu hiyo sharti ionyeshe mahali hasa: hadithi inaanza kuchangamka katika ukurasa wa tatu, basi mbili za kwanza ni za nini? Mama huyu mbona anamsemesha mwanawe kama anayehutubia baraza? Kina hiki kimeburuta neno ambalo maana yake haikuhitajika.

Barua hizi zinachosha. Wahariri wetu wote wanajitolea. Mchana wanafundisha, wanauza dukani, wanakaa kwenye madawati ya ofisi. Miswada wanaisoma usiku, au ndani ya matatu iliyokwama Jogoo Road. Baadhi yenu mmependekeza tuwe na jibu moja fupi la kuwatumia wote tusiowachapisha. Naelewa mlikotoka, lakini napinga. Wachapishaji wakubwa wa nchi hii huishi kwa vitabu vya shule, na hadithi fupi ya mtu asiyejulikana haina meza ya kuwekwa kwao. Kijana wa Nairobi anayeandika ana marafiki watakaomsifu. Anachokosa ni mgeni atakayemsoma kwa makini, bila malipo, kisha amwambie ukweli. Tukiiacha kazi hiyo tutabaki wapiga chapa tu, na wapiga chapa River Road hawajapungua.

Nitoe mfano mmoja. Mwandishi kutoka Dandora, ambaye hajawahi kuchapishwa popote, alituletea shairi la tarbia kwa Sheng. Beti za mishororo minne, mizani (silabi) kumi na sita kila mshororo isipokuwa miwili, nane za ukwapi, yaani nusu ya kwanza, na nane za utao, nusu ya pili, vina vya kati na vya mwisho vyote mahali pake. Jopo liligawanyika. Wengine walisema arudhi, yaani kanuni hizi za vina na mizani, tumeirithi kutoka kwa washairi wa Lamu na Mombasa, na kuivika Sheng ni kuidhalilisha. Wengine walisema shairi lenye vina na mizani limetimiza masharti yake, na lugha ni hiari ya mtunzi. Mjadala ulikuwa mkali na wa heshima, na sijasikia watu wakizungumzia mizani kwa hamu hivyo kwa muda mrefu. Hatimaye mhariri alikaa na mtunzi, wakarekebisha mishororo ile miwili iliyokuwa imepungukiwa mizani, na tukalichapa bila faharasa chini ya ukurasa. Kwa maoni yangu ndiyo kazi bora ya toleo lile. Alipolisoma mwenyewe jioni yetu ya usomaji Kaloleni, wazee wa mtaa walikuwa wakimalizia vina pamoja naye.

Kwa upande wa sanaa, wachoraji wengi hututumia picha za kazi zao walizopiga kwa simu, taa ya chumba ikiwa imeangaza kona moja. Kwa kuchapa vizuri tunahitaji nukta 300 kwa kila inchi. Tena kioo cha simu huonyesha rangi kwa mwanga, ilhali mashine huchapa kwa wino wa rangi nne, kwa hiyo buluu inayong'aa kwenye simu hutoka imefifia karatasini. Mwaka huu mpiga picha mmoja wa chama alijitolea kuzunguka studio za wachoraji, Kilimani na kwingineko, akizipiga picha kazi zao kwa mwanga wa mchana. Nampa shukrani za chama kizima. Mtaona tofauti kwenye jalada.

Kuna waliouliza kwa nini kazi zilizokwisha kukubaliwa zilisubiri toleo la pili. Sababu ni ya karatasi. Kwa saizi yetu, karatasi moja kubwa ya mashine hukunjwa ikatoa kurasa 16, hivyo jarida la kurasa 64 ni mikunjo minne kamili. Ukiongeza hadithi ya kurasa tatu, unalipia mkunjo mwingine. Karatasi nayo si rahisi: tangu kiwanda cha Webuye kilipofungwa mwaka 2009, wapiga chapa wamezoea kutegemea ya kuagizwa ng'ambo, na shilingi ikiyumba bei hubadilika kabla hujamaliza kusoma prufu. Kamati ilichagua kubaki na kurasa 64, ndani nyeusi na nyeupe, kurasa za rangi zikiwa za wachoraji pekee. Fedha iliyookolewa ilikwenda kwa waandishi. Kila aliyechapishwa alipokea malipo yake kwa M-Pesa kabla ya jarida kwenda mtamboni. Ni kiasi kidogo, nauli na vocha kwa wengi, lakini utaratibu huo wa kumlipa mwandishi kwanza naomba usibadilishwe na kamati yoyote ijayo.

Haki zimebaki za mtunzi. Tunachukua ruhusa ya kuchapa mara ya kwanza tu. Kwa sheria yetu ya hakimiliki, haki za kazi ya fasihi huendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, na si sawa kijana azikabidhi kwa nauli na vocha.

Mauzo madukani yalikuwa hafifu. Maduka huchukua jarida kwa mali kauli, hukata fungu lao, na mengine hukawia kulipa hadi toleo linalofuata lipo tayari. Tulifanya vizuri zaidi kwenye usomaji wa hadhara na kwa vifurushi vya matatu kwenda Nakuru, Kisumu na Mombasa, mnunuzi akiwa amelipa kabla.

Nimalizie na jambo linalonikosesha usingizi. Mji huu na jirani zake wana historia ndefu ya majarida. Transition ilianzishwa Kampala mwaka 1961, Kwani? ikaanza hapa Nairobi mwaka 2003, na katikati yake yalizuka mengine madogo ambayo leo utayapata tu kwa bahati, kwenye vitabu kuukuu vya kando ya barabara. Waandishi hawakuisha. Jarida dogo hubebwa na mtu mmoja au wawili, na wakihama, wakiugua au wakipata watoto, nywila, anwani za waliojiandikisha na makubaliano na mpiga chapa huondoka nao. Mwaka huu katibu ameandika hatua zote za kutoa toleo, kuanzia tangazo la kuomba kazi hadi risiti ya mwisho, na nakala zinahifadhiwa na watu watatu.

Kwa sababu hiyo kamati inaleta maazimio mawili. La kwanza, mhariri mkuu ahudumu miaka miwili, na mrithi wake afanye kazi kando yake mwaka wa pili wote. La pili, ada ipande kidogo, na nyongeza yote iwe ya malipo ya waandishi na wachoraji. Mimi mwenyewe sitagombea tena. Nimeomba kurudi kwenye jopo la wasomaji wa miswada, na fomu za kuwania uenyekiti ziko kwa katibu hadi mapumziko ya chai.