Brosha ya kamera isitupwe, ukurasa wa nyuma bado una kazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niitetee brosha ya kamera, kijitabu cha kampuni kinachoeleza sifa za kamera na vifaa vyake. Maduka mengi hayajali tena kuwa nayo, wanunuzi hawaiulizii, na vijana wanaoanza kazi ya picha Kisumu na Nakuru hupewa ushauri mmoja tu: tazama video kwenye simu, linganisha bei, nunua. Kwa kuchagua kamera inayopendeza, ushauri huo unatosha. Kwa kuchagua vifaa vitakavyoingiana hautoshi, na hapo ndipo pesa nyingi hupotelea.

Kurasa za mbele unaweza kuziruka. Picha za simba na maharusi zinazopamba kurasa hizo mara nyingi hupigwa kwa lenzi yenye bei kuliko kamera yenyewe, taa zikiwa zimepangwa na fundi. Kurasa za maana ni za nyuma, zenye maandishi madogo na mchoro wa mfumo. Kamera huchorwa katikati, na mistari ikaelekea kwenye kila lenzi, betri, flashi, kebo na adapta inayoikubali. Kifaa kisicho na mstari usikilipie kabla ya kukifunga na kukijaribu.

Chukua Canon. EF na RF ni aina za mdomo wa kufungia lenzi. Lenzi za EF zilianza mwaka 1987, za RF mwaka 2018. Ya EF huingia kwenye kamera ya RF kwa adapta, kwa sababu kutoka mdomo wa kamera hadi kwenye sensa, kipande kinachopokea picha, ni milimita 44 kwa EF na 20 kwa RF, na zile 24 zinazobaki ndizo hujazwa na adapta. Kinyume chake hakiwezekani, kwani lenzi ya RF ingelazimika kuzama ndani ya kamera ya EF, mahali penye kioo kinachopeleka picha kwenye tundu la kutazamia. Kisha kuna EF-S, iliyoundiwa kamera za sensa ndogo. Jina limezidi kwa herufi moja tu, lakini haifungiki kwenye kamera ya EF yenye sensa ya milimita 36 kwa 24.

Kwa Nikon mtego ni mbaya zaidi, maana lenzi inafunga vizuri kabisa. Kamera ya D3500, kama nyingine za jamii ya D3000 na D5000, haina mota ya kulenga. Ukiifungia AF 50mm f/1.8D, picha utapiga, ila utalenga kwa kuzungusha pete kwa mkono siku zote. Inayotakiwa hapo ni AF-S, yenye mota yake ndani. Muuzaji wa mitumba mara nyingi halijui hilo. Jedwali la brosha linalo.

Flashi nazo huuzwa kwa namba ya nguvu: ukiigawa kwa namba ya f, yaani ya tundu la lenzi, unapata umbali ambao mwanga utafika. Canon Speedlite 600EX-RT ni namba 60, ndivyo utakavyoambiwa kaunta. Maandishi madogo yanaongeza kwamba ni kwa mita, ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga), kichwa cha flashi kikiwa kimebana mwanga kwa ajili ya lenzi ya milimita 200. Ukipiga kundi la jamaa ukumbini kwa lenzi ya milimita 35, inayotaka mwanga mpana, namba hiyo hushuka hadi karibu 36. Igawe kwa f/4, nao mwanga utafika mita 9, si 15. Safu ya nyuma ikitoka gizani, flashi haina kosa. Panda hadi ISO 400 na umbali utakuwa maradufu.

Wanaofuata flamingo wa Ziwa Nakuru watazame jedwali la telekonveta, kipande cha kukuza kinachofungwa kati ya kamera na lenzi. Ile ya mara mbili huigeuza lenzi ya 400mm f/5.6 kuwa 800mm f/11, na kamera nyingi za kioo hapo huacha kulenga zenyewe.

Anayerekodi harusi atafute kasi ya kurekodi. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 400 kwa sekunde inahitaji kadi ya kuandika megabaiti 50 kwa sekunde, maana biti 8 ni baiti moja. Kadi ya V30 inahakikisha 30 tu, kwa hiyo kurekodi kunaweza kukatika katikati ya viapo. Ile 170 kubwa iliyo usoni mwa kadi kwa kawaida ni kasi ya kusoma.

Mstari wa umeme husahaulika kabisa. Chaja nyingi za kamera ni za volti 100 hadi 240 na hazina shida. Taa za studio zilizotengenezewa soko la Marekani au Japani zinaweza kuwa za 120 au 100 pekee. Ukizichomeka kwenye 240 yetu, zinaungua siku ya kwanza.

Brosha ina mipaka yake. Grafu za ukali wa lenzi usizilinganishe kati ya kampuni na kampuni, kwani Zeiss hupima lenzi halisi, ilhali Canon hutoa hesabu ya kompyuta. Programu nayo hubadilika baada ya uchapishaji: Sony α7 III ilipata uwezo wa kulenga jicho la mnyama mwaka 2019, kwa toleo la 3.0, wakati kamera ilikuwa imeuzwa mwaka mzima. Mambo ya programu yatafute mtandaoni. Mdomo wa lenzi, mota na volti havibadiliki, na soko letu limejaa kamera kuukuu ambazo kurasa zake mtandaoni zinaweza kufutwa wakati wowote.

Kwa hiyo nawaomba wenye maduka ya Oginga Odinga Street, Kisumu, na Kenyatta Avenue, Nakuru, waweke faili la brosha kwa kila aina wanayouza, hata za zamani, na wamruhusu mteja atoe kopi. Asiyepata aitafute kwenye tovuti ya kampuni, apeleke saiba, achapishe jedwali la sifa na mchoro wa mfumo tu, kisha aende nayo dukani. Herufi zilizoandikwa mbele ya lenzi azisome zote, moja moja, akilinganisha na karatasi, kabla ya kutuma pesa.

Mpiga picha,
Kisumu