Kumbukumbu za utafiti si karatasi tupu

Mhariri,

Naandika kuhusu mjadala unaoendelea wa kuhifadhi kumbukumbu za watafiti kidijitali. Wengi huzungumza kana kwamba hifadhi ya nyaraka ni makabati ya karatasi, na skana moja itamaliza kazi. Humo mna barua na madaftari ya utafiti, ndiyo, lakini pia mna ramani, negativu za kioo (picha za zamani zilizopigwa kwenye vioo), filamu, kanda za mahojiano, mimea iliyokaushwa, hata disketi ambazo kompyuta za leo hazina pa kuziingiza. Hifadhi ya sauti ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1900, inatunza sauti zilizonaswa kwenye silinda za nta!

Kila kimoja huharibika kwa namna yake. Karatasi nzuri huvumilia karne kadhaa. Filamu ya asetati, aina ya plastiki, ikianza kunuka siki, uharibifu huo haurudi nyuma. Kanda ya sumaku huweza kusalimika yenyewe, ila mashine ya kuichezea ikakosekana, pamoja na fundi wake. Kuanza na karatasi kwa sababu tu ni rahisi ni kupanga foleni kinyume.

Napendekeza taasisi husika zihesabu kwanza mali zao kwa aina, si kwa idadi ya maboksi, kisha kanda na filamu zitangulie kunakiliwa. Nao wafadhili wa utafiti watenge fungu la uhifadhi tangu mradi unapoanza, wasisubiri mtafiti astaafu.

Msomaji wenu