Kitabu kipo, ila kipo ng'ambo

Mhariri,

Mimi nakaanga samaki hapa soko la samaki Bagamoyo, upande wa makarai, mwaka wa kumi na nne huu. Gazeti kwangu mara nyingi ni la kufungia vibua, unisamehe. Leo naliandikia kwa sababu ya siku kumi nilizomtafuta mdogo wangu, ambaye siku zote hizo alikuwa ameandikwa kitabuni, polisi, kwa wino, na tarehe na saa.

Mdogo wangu alikwenda dago Mafia. Kwa msomaji asiyetoka pwani: wavuvi huondoka na chombo, wakapiga kambi kisiwani mwezi au miwili, samaki wanauzwa hukohuko, pesa inakuja kwa simu. Hapa kwetu hakuna msimu ambao hakuna watu dago. Na kule mtandao ni wa kubahatisha, una mahali pake pa kusimama, kwa hiyo kimya cha siku mbili tatu hakimshtui mtu. Siku ya nne ndiyo unaanza kuifikiria bahari.

Nami nilianza na bahari. Nikaenda kwa watu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia pwani, nikauliza manahodha waliorudi, nikapiga simu hospitali. Polisi sikuwafikiria kabisa. Kwetu mtu akipotea baharini anatangazwa msikitini, akikamatwa ananong'onwa, na mnong'ono huchelewa kumfikia mwenye mtu.

Tajiri wa chombo alijua tangu siku ya pili kwamba wamekamatwa. Chombo chake kilikuwa kimezuiwa pamoja na nyavu, akawa anahangaikia chombo. Nilipombana akasema, "Nilidhani mmeshapata habari, dada." Nilikuwa nimeshika kijiko cha kugeuzia samaki. Nikakiweka chini, maana sikuuamini mkono wangu.

Kosa lenyewe simtetei. Nyavu zile haziruhusiwi, kila mtu hapa sokoni anazijua, na kule Mafia kuna hifadhi ya bahari tangu 1995, hawana mchezo. Mimi shida yangu ni nyingine: kumpata.

Nikapata namba ya kituo kimoja kule visiwani, kwa mtu wa mtu. Askari aliyepokea alikuwa na adabu. Nikamtajia majina matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Nikasikia kurasa zikifunuliwa, moja, mbili, tatu. "Mama, huyo hatuna." Na wala hakunidanganya. Mdogo wangu amelelewa na mjomba, na tangu mtoto anaitwa kwa jina la mjomba. Wavuvi wenzake wanamjua kwa hilo, na walipokamatwa wote pamoja ndilo lililotajwa, ndilo likaandikwa. Nikakata simu nikashukuru Mungu kwamba hayupo polisi, kisha nikakaa kulia, kwa sababu kama hayupo polisi basi yuko majini.

Nimekuja kujifunza baadaye kwamba vitabu si kimoja. Kituoni kuna kitabu cha matukio na kuna daftari la mahabusu. Akipelekwa kwa hakimu, anakuwa na hati ya mashtaka na namba ya shauri. Akipelekwa gereza kungoja kesi, huko nako anapokelewa kwa daftari lao. Mtu mmoja, vitabu vinne, na ukimuuliza mwenye kitabu hiki kuhusu kile anakwambia nenda kaulize kule. Bara unapanda bodaboda unazunguka asubuhi moja umemaliza. Kisiwani "nenda kule" ni bahari.

Binti yangu, mtoto wa simu, akasema mama tumtafute mtandaoni. Akaandika kwa Kiingereza chake cha kidato cha nne: mtu aliyekamatwa kisiwani. Yakaja ya Marekani. Akanionyesha kaunti ya Monroe, Florida, ambako Key West ilipo, nako ni visiwa na wavuvi kama sisi: aliyekamatwa yupo pale na picha ya uso, jina, umri na kosa analotuhumiwa. Nikatazama nyuso zile mpaka samaki wakataka kuungua. Ni kweli ndugu yake atamwona bila kupanda chombo. Lakini na jirani atamwona, na mkwe atamwona, na hakimu hajasema neno bado. Hilo silitaki hapa. Mtu wa Bagamoyo akishabandikwa hivyo, hata akiachiwa hakuna atakayemwuzia nyavu kwa mkopo.

Nikafunga safari. Daladala mpaka Dar, tena mpaka Mbagala Rangi Tatu, basi la Nyamisati, halafu maji. Kuna kivuko cha serikali, MV Kilindoni, na kuna boti za watu. Mimi nilipanda iliyokuwa inaondoka. Mkobani nilikuwa na barua ya serikali ya mtaa kwa ajili ya dhamana, maana nyumbani walinishauri niwe nayo hata kama sijui yuko wapi.

Sikumkuta kwa kuuliza. Mahakama hubandika ubaoni orodha ya mashauri ya siku. Ilikuwa Jumatatu, nikasimama pale nikisoma kwa kidole kama mtoto wa chekechea, nikaona jina la mjomba wangu. Mjomba wangu amekufa, Mhariri. Nilihudhuria maziko yake. Nikasema huyu marehemu ameshtakiwaje kwa uvuvi haramu? Ndipo akili ikanirudi.

Alikamatwa Ijumaa, Jumatatu yake akafikishwa kwa hakimu, na dhamana ilikuwa wazi. Wiki nzima ilikuwa wazi! Hakuwa na mdhamini, akarudishwa rumande. Na ile barua yangu ya mtaa ilikuwa na majina ya NIDA, hati ya mashtaka ina jina la mjomba, kwa hiyo siku nyingine nzima ikaliwa na kiapo cha kuthibitisha kwamba watu hawa wawili ni mmoja.

Nikamuuliza, kwa nini hukuomba kupiga simu? Maana sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, Sura ya 20, inamtaka polisi amwezeshe aliyekamatwa, akiomba, kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Akanijibu kwamba aliomba, na askari akamwambia taja namba. Hakuijua. Namba yangu ilikuwa ndani ya simu yake, na simu ilikuwa imeshafungiwa stoo pamoja na nyavu, ina kibandiko cha kielelezo.

Basi ombi langu kwa wakubwa wa polisi wanaosoma gazeti hili ni dogo, halina hata gharama ya kalamu mpya. Kabla simu ya mvuvi haijafungiwa, mwacheni aifungue mbele yenu anakili namba mbili za ndugu zake, na ziandikwe mstari uleule lilipo jina lake kwenye daftari la mahabusu. Mwulizeni na jina lake la pili, la mtaani, liandikwe pembeni. Anayepiga simu kutoka ng'ambo akitaja mojawapo, ajibiwe kama yupo au hayupo. Akishahamishwa, aambiwe amehamishiwa wapi. Picha ya mtu wala kosa lake sitaki mtangaziwe jirani.

Huku kwetu nami nimeanza langu. Nimenunua kaunta buku, lipo chini ya meza yangu ya kukaangia, ukurasa wa kwanza umeshaingia mafuta. Kila mwenye mtu anayekwenda dago anakuja kuandikisha: majina ya kitambulisho, jina analoitwa, chombo, namba ya tajiri. Baadhi ya matajiri hawakulipenda. Wameandikwa hivyohivyo.

Mdogo wangu kesi yake inaendelea, na siku za kuitwa anapanda chombo mwenyewe anakwenda. Akiwa hapa anakuja kula kwangu jioni baada ya mnada, na simpi samaki mpaka anitajie namba yangu ya simu bila kutazama popote. Juzi alikosea tarakimu mbili za mwisho.

Mkaanga samaki,
Bagamoyo.
(Jina langu analo mhariri.)